Mfumo Ulisema Ana Kovu

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la chumba cha kujifungulia, makoti mawili meupe, na neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta, ambalo kwa mujibu wa taratibu sikupaswa kumwambia mtu, na kwa kweli kituo kizima kilikuwa kinalijua. Tangu siku hiyo nalala vizuri. Watu walinionya kwamba nitashikwa na upweke wa kustaafu. Bado nausubiri.

Edina, muuguzi aliyeshika nafasi yangu, ndiye aliyenibana niandike. Alisema kwenye sherehe ya kuniaga niliahidi kuzungumza kwa ufupi, na kwa bahati mbaya nikatimiza ahadi. Basi haya ni kwa ajili yake na wenzake wanaobaki. Habari za vyeo sina, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ndio wenu. Nitaeleza nilivyoanza, jinsi kompyuta zilivyotukuta, na habari ya mapacha wawili ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande.

Nilianza kazi Mhunze, huko Kishapu, nikiwa mkunga niliyetoka chuoni na viatu vipya vilivyonibana. Aliyenipokea alikuwa Sista Leokadia, mkunga mnene mwenye sauti ndogo, ambaye wanawake wa huko walimwita Mayu, yaani mama, hata wale waliomzidi umri. Siku ya kwanza hakunipa kazi yoyote. Alinikalisha kando ya kitanda cha kupimia akaniambia nitazame mikono yake. Alisugua viganja mpaka vikapata joto, akavilaza juu ya tumbo la mama mjamzito, akanyamaza. Baadaye akanieleza mgongo wa mtoto uko upande gani, kichwa kiko wapi, na mimba ina umri gani. Nilidhani ananitambia. Lakini kabla juma halijaisha nami nilianza kuusikia mgongo wa mtoto chini ya vidole vyangu, na furaha niliyoipata siku ile sikuipata tena mpaka nilipozaa mwanangu Limi.

Vifaa vyetu vilikuwa pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, futi ya kupimia kama ya fundi cherehani, mizani, na madaftari. Kila mgonjwa alikuja na daftari lake. Wengine walichukua la mtoto wa shule, hivyo ukurasa huu unakuta hesabu za kugawanya, ukurasa wa pili malaria. Mama mmoja wa kijijini alikuja mikono mitupu akasema daftari limeliwa na mbuzi. Sista Leokadia alimwuliza mbuzi anaendeleaje, kisha akaanza kumpima upya tangu mwanzo, bila kumgombeza. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mtu akipoteza daftari, historia yake yote imepotea, na unabaki na yeye mwenyewe aliyekaa mbele yako.

Kutoka Mhunze nilihamishiwa Shinyanga mjini, kwenye kituo cha afya upande wa Kambarage, nami sikuondoka tena. Ninyi mnawajua watu wetu. Wabeba magunia wa mashine za mpunga, wauza maandazi, mafundi baiskeli, akina mama wanaofua nguo za watu, na wake wengi ambao waume zao wamefuata dhahabu upande wa Geita. Wanapanga chumba kimoja, na chumba chenyewe wanahama. Leo yuko hapa, kesho amerudi kwao Samuye kulima, msimu ukiisha yuko machimboni anapikia wachimbaji, kisha unamwona tena dirishani kwako, tumbo limekua, hakumbuki alipimwa wapi mara ya mwisho. Tulikuwa na chumba cha mafaili chenye rafu mpaka darini. Faili la mtu lilipatikana haraka kama mtu mwenyewe alikuwa amekuja jana. Kama alikuja mwaka jana, tulimfungulia jipya, tukajifanya hatujawahi kumwona.

Kompyuta zilikuja asubuhi moja kwenye maboksi, zikifuatana na Fadhili, kijana wa mifumo kutoka halmashauri. Alikuwa mpole kuliko kazi aliyopewa. Alitufundisha wiki nzima. Wauguzi wakongwe tulikishika kile kipanya cha kompyuta kama tunavyoshika sindano, tunakikandamiza mezani, mshale unakimbilia pembeni ya kioo na hautoki. Mwenzangu mmoja alimwuliza Fadhili, akiwa hatanii, kama mtu akikosea kuandika mashine inamripoti wilayani. Fadhili alisema hapana. Hatukumwamini.

Siku ya kwanza ya kufanya kazi na wagonjwa halisi, foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Shida ya kwanza ilikuwa majina. Mfumo unataka jina liandikwe jinsi lilivyoandikwa mara ya kwanza, na huku kwetu jina huandikwa jinsi mwandishi alivyolisikia. Msukuma akitaja jina lenye herufi fulani, mwandishi aliyetoka Moshi anaandika lingine. Mama mmoja aliyeitwa Ng'washi tulimkuta ndani ya mfumo mara nne: mara moja ana ile alama ya juu kama ya neno ng'ombe, mara moja hana, mara moja ni Mwashi, na mara moja ni Washi, mwanaume. Mbele ya mashine alikuwa watu wanne, na mmoja kati yao alikuwa amepewa dawa za tezi dume. Ndiyo maana nimekuwa nikiwasumbua muulize jina, jina la mama, namba ya simu na anakoishi, hata kama foleni inanung'unika.

Shida ya pili ilikuwa umri. Wazee hawakujua tarehe ya kuzaliwa, na mfumo hauendi mbele bila tarehe. Tuliandika mosi Januari. Kwa mujibu wa kompyuta yetu, wazee wa Kambarage karibu wote walizaliwa siku moja, na sijui wakunga wa siku hiyo walistahimili vipi.

Shida ya tatu haikuchekesha. Watu waliogopa. Walikuwa wamezoea siri yao ikae ndani ya daftari ambalo wanaondoka nalo chini ya kwapa. Sasa wanamwona muuguzi anabonyeza, wanauliza, "Mnaniweka mtandaoni?" Wenye dawa za kila siku ndio walioogopa zaidi. Mama mmoja alihama kituo kabisa, akarudi baada ya miezi, amekonda. Nilimgeuzia kioo asome mwenyewe kilichoandikwa, nikamwonyesha kwamba mtu wa dirishani, anayeandikisha wagonjwa, haoni kurasa zile. Alisoma polepole kwa kidole. Akasema sawa. Tangu siku hiyo nikawa namgeuzia kioo kila anayetaka, ingawa meza ilikuwa finyu na waya mfupi.

Nisiseme tu shida. Majibu ya maabara yaliacha kupotea njiani. Dawa zikikaribia kwisha tulijua kabla hazijakwisha. Umeme ulipokatika, betri za jua zilitushikilia kiasi, na zilipochoka tuliandika kwenye karatasi, jioni tunaingiza. Nilianza kuipenda ile mashine taratibu, kama unavyomzoea mkwe.

Sasa habari ya mapacha.

Ilikuwa asubuhi ya kliniki ya wajawazito, mwaka jana, mvua za kwanza zimeanza. Edina alikuwa mgeni kazini. Yeye alikaa kwenye kompyuta, mimi nikawa kitandani napima. Akaingia binti mmoja mwenye kanga ya njano, mwenye adabu. Alitusalimia, "Shikamooni," akatoa kadi. Edina akaingiza namba, ukurasa ukafunguka, akanisomea kwa sauti ya chini kama nilivyomfundisha: Kulwa, mimba ya pili, mtoto wa kwanza anaitwa Maria, alizaliwa kwa upasuaji kwa sababu nyonga ni ndogo. Mume alikuja naye siku ya kwanza. Vipimo vyote vipo. Mimba imeingia mwezi wa tisa. Mpango wake ni kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, asijaribu kabisa kujifungulia kwingine.

Nikasugua viganja, nikavilaza juu ya tumbo.

Mfuko wa uzazi ulikuwa umepita kitovu kidogo tu. Nilidhani vidole vyangu vimezeeka. Nikachukua futi, nikapima, futi ikaniunga mkono. Mtoto wa mwezi wa tisa hawezi kukaa pale. Edina akauliza kama aandike kwamba mtoto hakui vizuri. Nikamwambia asubiri. Nikaishusha kanga kidogo, chini ya tumbo, mahali ambapo kovu la upasuaji hukaa. Ngozi ilikuwa nyororo. Nikapitisha kidole toka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna kovu.

Mfumo ulisema ana kovu. Kovu haliondoki.

"Edina, usihifadhi kitu," nikasema. "Toa mikono kwenye mashine."

Binti alikuwa ameshaelewa. Alitazama dari, machozi yakashuka kuelekea masikioni. Nilimsaidia akaketi, nikamtuma Edina asimame nje ya mlango asiingize mtu. Sikumwuliza kwa nini amedanganya. Nilimwuliza, "Mwanangu, wewe ni nani?"

"Mimi ni Doto," akasema.

Mkisikia Doto, mnajua kwamba yuko Kulwa. Walikuwa mapacha, wanafanana kama shilingi kwa ya pili, na aliyekaa dirishani asubuhi ile asingeweza kuwatofautisha hata angekuwa na macho manne.

Alinieleza yote, kwa vipande. Alikuwa na mwanaume aliyekuwa akifanya kazi machimboni. Mimba ilipoonekana, mwanaume alisikia kuna dhahabu imepatikana mahali pengine, akakimbilia huko na wenzake, simu ikafa. Doto alikuja kituoni kwetu kuanza kliniki, kwa jina lake, kama inavyotakiwa. Dirishani wakamwuliza mume yuko wapi. Akasema hana. Wakamwambia arudi naye, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema hana mume. Aliposihi, mtu wa dirishani akamwonyesha kioo: pale penye jina la mwenza palikuwa na nyota nyekundu, na bila kujazwa ukurasa haufunguki. "Dada, si mimi," akamwambia, "mfumo unakataa." Doto alirudi nyumbani. Hakwenda kwa mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti ni jirani yao na mkewe anauza maneno kuliko anavyouza nyanya.

Kulwa, pacha wake, alikuwa ameshaanza kliniki mapema, na mumewe alikuwa amekuja naye na kuandikwa. Siku Kulwa alipofungasha kumfuata mume machimboni upande wa Geita, alimwachia Doto kadi. Alimwambia aitumie, hawataulizia mume tena, na sura ni moja.

Nikamwuliza Kulwa mwenyewe anahudhuria kliniki wapi huko.

"Hahudhurii, mama. Kadi si ninayo mimi? Alisema bila kadi watamfukuza. Na anaogopa kupasuliwa tena. Amesema huko kuna bibi anayezalisha, atajifungulia kwake."

Hapa niwaeleze ninyi vijana jambo ambalo mnalijua kwa kusoma. Mwanamke mwenye kovu kwenye mfuko wa uzazi, na nyonga ndogo, akiachwa asukume mbali na hospitali, kovu linaweza kufunguka ndani. Akifika hapo, anaweza kufa kabla hujapata gari, na mtoto pamoja naye. Nimeliona mara moja Mhunze, nikiwa na Sista Leokadia, na sitalieleza.

Tulianza na namba ya simu iliyokuwa kwenye ukurasa wa Kulwa, ambayo ni ya mumewe. Haikupatikana. Doto akasema mchana huwa yuko chini ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, na huko hakuna mtandao. Simu ya Kulwa ilikuwa imeharibika. Mganga mfawidhi wetu akaja, akasikiliza akiwa amesimama, akaniuliza nani ninamjua upande ule. Nikamkumbuka Magembe, tabibu wa kituo kimoja karibu na machimbo hayo, ambaye tulisoma naye mafunzo mengine ya kompyuta, ya kanda. Alikuwa akisinzia mafunzoni, lakini ni mtu wa watu.

Magembe alipokea mara moja. Nilimpa jina, akatafuta kwenye mfumo wao, hakuna. Mfumo wao na wetu haikuwa ikizungumza. Ni kama majirani waliogombana, kila mmoja anajua mengi na hasemi. Nikamwambia aache mashine. Nikamwambia huko atakuwa anaitwa Mama Maria, ana mtoto wa kike mdogo, ni Msukuma mrefu mweusi, na tumbo lake liko karibu. Doto akanivuta mkono akaongeza kwamba anapika uji na wali karibu na karasha, zile mashine za kusagia mawe. Magembe akasema kama anapika wali, atapatikana, maana wachimbaji wanamjua kila mpishi. Akamwita mhudumu wake wa afya ya jamii, mama mmoja wa huko huko, akampandisha bodaboda.

Tukasubiri. Nje foleni ya wajawazito ilikuwa palepale, kwa hiyo nilirudi kupima. Nilipima matumbo, nikasikiliza mioyo ya watoto, nikajibu salamu, na simu imelala mfukoni kama jiwe. Doto hakutaka kwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Mama yao alikuwa ameitwa. Alifika na kiroba kichwani kwa sababu alipigiwa simu akiwa njiani kutoka kusagisha, na hakukumbuka kukitua mpaka Edina alipomtua.

Simu iliita kabla ya adhuhuri. Mhudumu alikuwa amemkuta Kulwa si jikoni bali kwa bibi mkunga. Uchungu ulikuwa umeanza tangu alfajiri. Bibi mwenyewe alishaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu Kulwa alilalamika maumivu ambayo hayaachii hata uchungu ukipoa, chini kabisa ya tumbo. Bibi ndiye aliyemfunga kanga na kumsaidia kutoka nje. Sijawahi kumwona mama huyo, lakini nampa heshima yake. Wapo ambao wangebisha. Magembe alipata gari la wagonjwa la kituo chake na kumpeleka hospitali yenye upasuaji, naye mwenyewe akakaa nyuma pamoja na mgonjwa.

Njia ile mnaijua wakati wa mvua. Gari lilipokuwa njiani, daktari wa hospitali akanipigia. Hapo ndipo niliishukuru mashine kwa moyo wote. Zamani ningemwambia ngoja niende chumba cha mafaili, na labda ningemkuta Kulwa, labda mbuzi alishamkuta. Siku ile Edina alifungua ukurasa, ukurasa ambao asubuhi tulikuwa tumebakiza kubonyeza mara moja tu tuuchafue kwa habari za mtu mwingine, nami nikamsomea daktari neno kwa neno. Kundi la damu. Wingi wa damu ulivyokuwa. Upasuaji wa kwanza ulifanywa kwa sababu gani, kidonda kilipona vipi, dawa gani ya usingizi ilimtapisha. Daktari alirudia kila kitu ili ahakikishe, akasema wanaandaa damu kabla gari halijafika. Akakata.

Kisha hakuna tena cha kufanya. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi yetu, na hakuna chuo kinachoifundisha. Foleni iliisha. Edina alileta chai, ikapoa. Mama yao alikuwa akisali kwa Kisukuma, midomo inatembea bila sauti. Doto aliniuliza kwa sauti ndogo kama dada yake akifa watamfunga. Nikamwambia hakuna atakayemfunga, na kwamba kama asingekuja leo na kadi ile, sisi tusingejua lolote. Alinitazama kama mtu anayetaka kuamini lakini hathubutu.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi Magembe alipopiga. Sikusubiri salamu. Nikaweka sauti ya simu nje, wote wasikie, ingawa nilijua ni hatari kufanya hivyo.

"Mama Limi," akasema, "wametoka wote wawili. Mtoto ni wa kiume, analia huyo, msikilizeni."

Tukamsikiliza. Sauti ilikuwa kali na yenye hasira, sauti ya mtu aliyesumbuliwa bila kuulizwa. Mama yao alikaa chini sakafuni palepale. Doto alijifunika uso kwa kanga ya njano. Nami niliingia kwenye chumba cha kuoshea vifaa, nikafungua bomba, nikalia kidogo, nikanawa, nikatoka. Daktari alimwambia Magembe kwamba walipofungua, ukuta wa mfuko mahali pa kovu ulikuwa umebaki mwembamba sana, lakini ulikuwa bado umeshika.

Watu wengine huishia hapo wanapoisimulia habari hii. Mimi sitaki muishie hapo.

Siku ya pili yake niliomba kikao. Wapo waliosema Doto aandikiwe onyo kwa kutumia kadi isiyo yake. Mganga mfawidhi akaeleza, na alikuwa na haki, kwamba utaratibu wa kumwita mwenza una faida: mwanaume naye anapimwa, anajua dalili za hatari, anaandaa usafiri. Nikakubali. Nikasema waume wa namna hiyo waje, na tuwape kiti cha kwanza. Lakini kumkaribisha mume ni jambo moja, na kumfungia mlango mwanamke asiye naye ni jambo lingine. Nikamwomba Fadhili, ambaye tulimwita kwa ajili hiyo, atueleze ile nyota nyekundu iliwekwa na nani. Fadhili alikuna kichwa. Alisema hakuna aliyeagiza iwe hivyo. Mtu fulani wakati wa kuandaa alipenda kurasa zijae, akaweka nyota karibu kila mahali. Basi. Wanawake wangapi walirudishwa nyumbani na nyota hiyo, hatujui, kwa sababu waliorudishwa hawakuandikwa popote.

Mganga mfawidhi akamwambia Fadhili aiondoe. Fadhili alikaa kwenye kompyuta, akabonyeza kidogo, ikaondoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kikao. Tukakubaliana pia kwamba asiye na kadi hafukuzwi, na tukaomba neno hilo lipelekwe mpaka machimboni. Magembe alilitangaza kwa kipaza sauti siku ya mnada, katikati ya matangazo ya mitumba.

Doto tulimfungulia ukurasa wake. Aliketi mwenyewe karibu na Edina akitazama herufi zinavyoingia. Penye mwenza tukapaacha wazi. Akahudhuria kila tarehe aliyopangiwa, tena mapema, mpaka wauguzi wakawa wanamtumia kuwaelekeza wageni kiti cha kukalia.

Kulwa alirudi Kambarage baada ya arobaini, na mumewe pia, ambaye aliliacha duara kwa muda akawa anabeba magunia mashineni. Alikuja kunishukuru, akashindwa kusema, akaniletea viazi. Kulwa nilimkaripia kidogo, maana ilikuwa lazima, kisha nikamwomba anionyeshe mtoto. Alikuwa mnene, na bado mwenye hasira.

Zamu yangu ya mwisho ya kuzalisha ilikuwa karibu miezi minne baada ya siku ile ya simu. Nilikuwa nimeomba nipewe ya mchana, wakanihurumia. Karibu saa nne asubuhi Doto akaja na uchungu, dada yake amemshika mkono, mama yao nyuma na ndoo. Kila kitu kilikwenda kama kinavyokwenda mara nyingi, jambo ambalo watu wa nje hawaliamini kwa sababu habari zinazosimuliwa ni zile zilizokwenda vibaya. Alisukuma vizuri. Kulwa alimfuta jasho, akimwambia kwa Kisukuma maneno ambayo sitayatafsiri. Mtoto wa kike alitoka akiwa na nywele nyingi, akafumbua jicho moja, akalifumba. Edina alimkata kitovu. Mimi nilisimama pembeni nikiwa sina la kufanya.

Nilivua glavu, nikanawa, nikatoka nje. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu, jua zuri, kuku wa jirani wanachakura kwenye nyasi za uani. Nikaketi. Kutoka ndani niliwasikia mapacha wanabishana mtoto amefanana na nani kati yao, na mama yao anawaambia wanyamaze, yeye amewazaa wote wawili na mpaka leo hajui kuwatofautisha.